Ijumaa ndiyo Jumapili: Ukienda kanisa la Wakenya Doha, simu iache mfukoni

Ukiwa Doha na mtu akuambie mkutane kanisani Jumapili asubuhi, jua huyo ni mgeni kuliko wewe. Jumapili nchini Qatar ni siku ya kazi. Wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo hata Mungu, kwa maneno ya jamaa niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, ilibidi abadilishiwe shifti. Jumapili ya Matawi inapungwa Ijumaa. Watoto wa Sande Skuli wanasoma Ijumaa, na bado wanaiita Sande Skuli.

Mimi nilikuwa mgeni kabisa. Ilikuwa Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, na nilikuwa nimetua na kontrakti ya usoja. Chuo nilikuwa nimeachana nacho mwaka wa pili karo ilipogoma, na ajenti mmoja wa mtaani akaniuzia ndoto ya viwanja. Nilidhani nitasimama kando ya uwanja nikiwaona wachezaji wakipasha mwili. Nilipewa mlango wa nyuma wa jengo la ofisi, masaa 12, kiti hakuna.

Kempu tulilala sita kwa chumba, dabo deka tatu. Kwenye kitanda cha chini yangu kulikuwa na jamaa wa Kisii ambaye kila Alhamisi usiku alikuwa anapiga shati pasi hadi linang'aa. Siku moja nikamuuliza, unaenda wapi kila Ijumaa hivi msafi? Akanijibu, "Kanisani, mdogo wangu. Twende kesho. Kuna chai."

Nikuambie ukweli, niliitikia kwa sababu ya chai na kwa sababu ya kontenti. Nilikuwa na blogu yenye wasomaji wa kuhesabika kwa vidole, na kichwa cha habari nilikuwa nacho kabla hata sijaliona hilo kanisa: Wakenya wanavyoabudu kisiri Uarabuni. Hapo tayari nilikuwa nimekosea, kwa sababu hakuna siri yoyote. Kuna utaratibu, na huo utaratibu ndio ningependa uuelewe kabla hujapanda ndege, kama uko kwenye foleni ya pasipoti sasa hivi ukisoma hii.

Kwanza usafiri. Metro ya Doha ni tamu, nauli riyali mbili na AC inakugandisha, lakini enzi hizo Ijumaa ilikuwa haianzi kazi hadi saa nane mchana. Ukitaka ibada ya asubuhi mnachanga teksi watu wanne. Mnaenda kusini mwa mji, mahali panaitwa Mesaimeer. Nyumba zinapungua, vumbi linaongezeka, halafu ghafla unaona magari yamejipanga kwa foleni kama ya Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Usitafute msalaba. Hautauona kwa nje, na kengele hutaisikia. Utaona ukuta, geti, walinzi, na mkoba wako utakaguliwa. Mtu aliyezoea Nairobi, ambako kanisa la hema lina spika nne zikiangalia nyumba za majirani, atadhani amepelekwa kwa magodauni. Kuna majengo makubwa yamekaa kimya kwenye mchanga, mengine ya mviringo, mengine ya pembe nne. Ukifungua mlango wa mojawapo ndiyo unasikia kwaya.

Eneo hilo ni la serikali kutoa. Emir wa wakati huo, Hamad bin Khalifa Al Thani, ndiye aliyetoa ardhi, na kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari likafunguliwa Machi 2008. Kabla ya hapo Wakristo walikuwa wakikutana majumbani. Sasa humo ndani kuna Wakatoliki, Waanglikana, Wakopti, Waorthodoksi wa Kigiriki, na Wahindi wa madhehebu ambayo sijui hata kuyatamka. Kwa Wakatoliki peke yao, Ijumaa moja unaweza kupita nje ya misa ya Kimalayalam, urudi upitie ya Kitagalog, na ukizubaa kidogo unakuta ni zamu ya Kikonkani. Linganisha na Saudia, ambako Wakenya wengi zaidi wanafanya kazi na hakuna jengo la kanisa hata moja, halafu utaelewa kwa nini watu wa Doha wakiongea kuhusu Mesaimeer wanashusha sauti kidogo, kama mtu anayeongea kuhusu kitu alichokopeshwa.

Hapa niweke kitu kando. Tunaposema Ukristo ni mgeni Ghuba, si kweli. Karne ya saba pwani hiyo ilikuwa inaitwa Beth Qatraye kwa lugha ya Kisiria, na mtawa Isaka wa Ninawi, ambaye maandishi yake bado yanasomwa na watawa hadi leo, alizaliwa huko. Wagiriki wamempa jina lake kanisa lao palepale Mesaimeer, pamoja na Mtakatifu George. Jamaa wa Kisii ndiye aliyenionyesha. Alikuwa anajua vitu vingi huyo jamaa kwa mtu aliyekuwa anaendesha foklifti.

Kwa hivyo waliokuwa wachanga hapo ni sisi.

Makanisa madogo kama letu (naliita letu sasa) hayana jengo. Yanategemea kituo cha Waanglikana, kilichofunguliwa 2013, chenye kumbi na vyumba ambavyo makundi ya lugha chungu nzima yanagawana kwa saa. Kama umewahi kukodi uwanja wa nyasi bandia kucheza futiboli, unajua hiyo presha. Mna saa zenu mbili, na zikikaribia kuisha, timu inayofuata iko mlangoni inapasha mwili. Zamu yetu ilikuwa saa mbili hadi saa nne asubuhi. Waliotufuata walikuwa Wanepali, na hao watu hawajui kuchelewa.

Kazi ya soja ni kuhesabu, kwa hivyo nilihesabu. Tulikuwa 34. Hakuna mtu aliyekuwa amefika miaka 40. Pasta alikuwa na 29 na alikuwa dereva wa basi la kubeba wafanyakazi. Alihubiri akiwa na sare ya kazi kwa sababu saa tano alitakiwa kuwa stendi. Kanisa lenyewe lilikuwa na miaka mitatu. Lilianza na majamaa wanne wakiomba juu ya dabo deka huko Industrial Area mwaka wa 2019. Halafu Machi 2020 corona ikaingia, serikali ikafunga sehemu ya Industrial Area, watu hawatoki wala hawaingii, na wale wanne wakawa wanapigiana simu ya pamoja saa tatu usiku. Waliniambia walikuwa wanasali wakisikia kikohozi cha mtu wa kitanda cha pili na hawajui kama ni vumbi ama ndiyo hiyo. Walipofunguliwa walikuwa 11.

Kiswahili chenyewe kilikuwa sarakasi. Kulikuwa na dada wa Tanga ambaye alikuwa anasema "naomba unipishe, samahani" hadi unajiona mshamba. Kulikuwa na Mkongomani wa Bukavu ambaye kwake watu ni "batu". Waganda wawili walikuwa wanacheka kila mtu akicheka. Na sisi Wakenya tukiamrisha tu: leta kiti, songa, funga mlango. Ngoma ilikuwa mtungi wa plastiki wa maji, ile ya kuwekwa juu ya mashine, umegeuzwa. Na nikuambie, mtungi ule ulipigwa.

Mlangoni kulikuwa na mdada wa kukaribisha wageni. Alinishika mkono, akaniuliza jina, halafu akaniambia, bila kubadilisha tabasamu, "Karibu sana ndugu yetu. Simu iwe mfukoni. Hapa haturekodi."

Niliitikia ndiyo.

Kuna sababu za kisheria ambazo utaambiwa. Kumhubiria Mwislamu abadili dini ni kosa, unaweza kufungwa, na watu wa kanisa dogo hawataki video yoyote inayoweza kueleweka vibaya. Pia huwezi kuchangisha pesa hadharani bila kibali cha serikali. Wewe uliyelelewa na harambee, hebu fikiria hilo kidogo. Mtu akifiwa, akilazwa, au mwili wa mwenzenu ukitakiwa kurudi nyumbani, huwezi kurusha namba kwenye magrupu ukaandika "tusaidiane". Mweka hazina alisimama siku hiyo akakumbusha watu hilo kwa ukali wa mwalimu wa nidhamu.

Lakini sababu kubwa ya simu kukaa mfukoni haikuwa ya sheria. Ilikuwa imekaa mstari wa pili, imevaa abaya nyeusi juu ya gauni la maua.

Sitamtaja. Ni dada wa Magharibi mwa Kenya, alikuwa na miaka 24, alikuwa anafanya kazi za nyumba. Sheria ya Qatar ya 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inasema masaa ya kazi yasizidi 10 kwa siku na kila wiki upate siku nzima ya kupumzika. Madam wake alikuwa anampa Ijumaa moja kwa mwezi, asubuhi tu, na si ya kwenda kanisani. Ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani na kununua vitu vyake. Akirudi anaulizwa risiti, na mifuko inaangaliwa.

Sasa sikia vile kanisa la watu 34 lilivyofanya. Wiki moja kabla, dada wa Tanga alikuwa anamnunulia sabuni, pedi, mafuta ya nywele. Mkongomani alikuwa anamtumia pesa zake nyumbani na kumwekea risiti. Jamaa mwingine mwenye gari la kazini alikuwa anamchukua kona ya barabara na kumrudisha palepale. Watu watatu walikuwa wanafanya shughuli zake zote ili yeye apate hizo saa mbili za kuimba. Halafu wanamkabidhi mifuko mlangoni kama mtu anayekabidhiwa kombe.

Najua wengi wetu tulishaachana na kanisa. Juni 2024 tuliwaona waheshimiwa wakipewa mimbari huku vijana wakilia gesi ya machozi, na watu wakaanza kuuliza maswali makanisani ambayo hayajajibiwa hadi leo. Mimi niliacha mapema zaidi, siku ile pasta mmoja wa mtaani alisoma orodha ya waliotoa fungu la kumi na mathe hakuwa kwa orodha. Kwa hivyo usidhani nakuuzia kitu. Nakuambia tu kwamba sijawahi kuona kanisa ambalo kazi yake ya wiki nzima ni kutafuta risiti ya mtu mmoja.

Siku hiyo pasta alihubiri kuhusu Hajiri, kwenye Mwanzo sura ya 16. Kama umesahau, Hajiri ni kijakazi, Mmisri, yaani mtu wetu wa Afrika. Anafanya kazi kwa Sarai, mume wa Sarai anamzalisha kwa mpango wa Sarai mwenyewe, halafu Sarai anamgeuka na kumtesa hadi anatorokea jangwani. Malaika anampata kando ya chemchemi. Na unajua anachoambiwa? Arudi kwa bibi yake akanyenyekee.

Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo si ya kawaida ya mahubiri. Zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa wamekaa pale walikuwa wanafanya kazi kwenye nyumba ya mtu, kwenye nchi ya jangwa.

Mmoja wa Waganda akainua mkono. Ndiyo, huko unaweza kuinua mkono katikati ya mahubiri. Akauliza, "Pasta, kwa nini alirudishwa? Mungu alikuwa ameshamwona anateswa."

Pasta akafunga Biblia kidogo, akaacha kidole ndani. Akasema hajui. Akasema amelisoma hilo andiko miaka mitatu akiendesha basi na hajapata jibu la kumtosha. "Ninachoona ni kwamba malaika alimuuliza kwanza, unatoka wapi na unaenda wapi. Mimi ajenti wangu hakuniuliza hata moja."

Watu wakacheka, ile kicheko ya kutoa pumzi. Halafu dada wa mstari wa pili akasema, bila kuinua mkono, "Hajiri alirudi na mimba. Mimi narudi na sabuni. Nimeshinda."

Hapo hata mimi nilicheka. Na hapo ndipo nilipoamua kwamba huyu ni stori.

Baada ya mahubiri waliimba. Yeye ndiye aliyeanzisha. Sijui nikuelezee vipi sauti yake. Si ya kupaa, ni ya chini, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Wengine wanne wakamfuata, mtungi wa maji ukaanza, na mlangoni nikaona Wanepali wawili wamefika mapema wakichungulia na kutikisa vichwa. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikatoa simu, nikaiweka kifuani kama mtu anayeangalia saa, nikarekodi sekunde 14.

Hakuna aliyeniona. Chai ilikuwepo kweli, karak, ile ya maziwa ya mkebe na iliki ambayo Waarabu wenyewe waliitoa kwa Wahindi, na mandazi ya dada wa Tanga ambayo sijawahi kupata mfano wake hata Mombasa. Nilicheka na watu. Nilibadilishana namba. Nikarudi kempu, na usiku nikaiweka ile klipu kwenye stetasi ya WhatsApp: "Ijumaa ndiyo Jumapili. Doha." Nikaweka na kamsalaba kadogo.

Si unajua vile hivi vitu vinatembea. Stetasi yangu waliona watu 61. Mmoja wao aliiomba, nikamtumia, nikafurahi hata. Yeye akaipeleka kwenye grupu ya Facebook ya wadada wa Kenya walioko Ghuba, grupu yenye maelfu ya watu. Mle kulikuwa na msichana mwingine wa kazi, hapohapo Doha, aliyekuwa ameajiriwa na dada yake yule madam. Hakuwa na ubaya. Alimtambua mwenzake, akafurahi, akaonyesha simu jikoni: angalia fulani anavyoimba.

Ijumaa ya mwezi uliofuata mifuko ilikuwa tayari, risiti ilikuwa tayari, gari lilisimama kwenye kona kwa dakika 40. Hakutokea. Namba yake ilikuwa imezimwa.

Nilijua kabla hawajajua. Mtu alikuwa ameshanitumia ile klipu kutoka Mombasa, imerudi kwangu ikiwa na muziki mwingine juu yake, na maoni 200 chini, mengine ya kumsifu, mengine ya kumuuliza madam amemruhusu vipi. Nilikaa kwa dabo deka nikihesabu nani aliiona lini. Nilifuta stetasi ambayo ilikuwa imeshajifuta yenyewe zamani. Nilifuta klipu kwa simu, nikaifuta kwa pipa la takataka la simu, nikaifuta mahali simu inapojihifadhia picha. Kama vile inasaidia.

Wiki mbili sikwenda kanisani, nikasema nina shifti. Kombe la Dunia likaanza 20 Novemba na kweli nilikuwa na shifti, lakini si Ijumaa zote. Jamaa wa Kisii hakuniuliza kitu. Alipiga pasi mashati mawili, lake na langu, akaning'iniza langu kwenye ncha ya kitanda.

Nilisimama mbele yao ile Ijumaa nikawaambia. Ningependa kukuambia nilisema vizuri. Nilisema "kuna kitu kidogo kilitokea", na mdada wa mlangoni akanikatiza: "Si kidogo. Endelea." Nikaendelea.

Mabishano yaliyofuata yalikula mahubiri yote. Wengine walitaka watu waende ile nyumba wabishe mlango. Wengine walisema tumtoe, kuna chumba, atalala na dada wa Tanga. Pasta alikataa, na sikupenda alivyokataa, lakini nilielewa. Mfanyakazi akitoka nyumbani kwa mwajiri bila utaratibu anaweza kushtakiwa kwamba ametoroka, na anayemficha anajitia matatani pamoja naye. Kanisa la Kenya lingemficha na kumwita mbunge. Hili kanisa lilikuwa na saa mbili za chumba cha kuazima na watu 34 wenye vitambulisho vilivyo mikononi mwa waajiri wao kwa namna moja au nyingine. Mganda yule wa swali akasema, "Kwa hivyo arudi akanyenyekee," na hakuna aliyecheka.

Walichokubaliana kilikuwa cha polepole, na kinachosha kukisimulia. Tangu 2020 sheria ya Qatar inamruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza, hata wa nyumbani, mradi atoe notisi. Tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi juu ya chakula na malazi, kama elfu 33 za Kenya wakati ule. Vyote hivyo viko kwenye karatasi, lakini ni lazima mtu avijue, awe na simu, na apate nafasi ya kufika wizarani. Dada mmoja wa kanisa aliyekuwa akifanya usafi hospitalini na alijua Kiarabu cha kutosha alijitolea kuwa yule atakayempeleka siku akipatikana. Wengine waliendelea kununua sabuni kila mwezi. Mifuko ikawa inarundikana chini ya kitanda cha mtu.

Nami? Nilidhani watanifukuza, na nusu yangu ilikuwa inatamani. Pasta aliniambia kuanzia wiki ijayo mimi ndiye wa viti. Ukiwa wa viti unafika saa moja na nusu kabla ya kila mtu, unapanga, na saa nne kasoro dakika tano unaanza kukunja hata kama watu bado wanaomba, kwa sababu Wanepali. Nilikuwa wa viti hadi kontrakti yangu ilipoisha mwaka uliofuata. Simu nilikuwa namwachia mdada wa mlangoni. Hakuwahi kuniomba. Nilikuwa namwekea tu mkononi, naye anaitumbukiza kwa mkoba wake pamoja na zile karatasi za nyimbo.

Alirudi mwishoni mwa Februari. Hakuna aliyekuwa amemtoa. Alikuwa ameongea na mama mkwe wa yule madam, bibi mzee aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kila siku, na yule mzee ndiye aliyesema huyu msichana aende akasali, Ijumaa zote. Ujinga wangu haukuchangia lolote hapo, tafadhali usije ukasema kila kitu hutokea kwa sababu. Miezi minne alikaa bila simu. Mdogo wake alifanya mtihani wa kitaifa katikati ya hiyo miezi na yeye hakujua matokeo.

Aliingia akiwa na abaya ileile, akaniangalia nikipanga viti. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno. Akasema, "Ni wewe wa simu?" Nikasema ni mimi. Akachukua kiti kutoka mkononi mwangu, akakipeleka mstari wa pili mwenyewe, akakaa. Hatukuongea tena hadi Aprili, na tulipoongea ilikuwa kuhusu chumvi kwenye mandazi.

Mimi nilirudi Nairobi na deni la ajenti limebaki kidogo. Kanisa bado lipo, nimeambiwa wamefika 50 na wamebadilishiwa saa. Wanepali wanalalamika. Ukienda, beba shati lililopigwa pasi, beba riyali za teksi, na ukifika mlangoni usingoje kuambiwa.

Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka namba ya Kenya nisiyoijua. Ni yeye, amerudi nyumbani, amefungua kibanda cha nguo. Aliniuliza kama bado ninayo ile klipu. Mama yake, alisema, hajawahi kumsikia akiimba akiwa mbali, na yeye mwenyewe hana hata picha moja ya miaka yote mitatu aliyokaa kule.

Nilimwambia niliifuta kila mahali. Ujumbe una alama mbili za buluu. Hajajibu.